Seng'enge Mbele ya Nyumba ya Mama

Ruiru, 6 Mei 2024

Dada Waruguru,

Pokea salamu zetu kutoka huku Ruiru. Tuko wazima. Kifua cha mke wangu Magdalene kimefunguka, na paka amezalia ndani ya sanduku la viatu vyangu vya kanisa. Presha yako iko vipi? Unakunywa dawa, ama unagombana nayo pia?

Ninaandika kwa karatasi kama tulivyoapiana kwenye matanga ya Baba. Kwa simu unanikatia, mimi ninakukatia, na Mama anabaki hajazungumziwa. Magdalene atakuachia barua hii kesho akienda kazini huko Thika. Mpe jibu akipita jioni.

Jana Kaleli wa bodaboda alinipigia. Alisema alimkuta Mama alfajiri kwenye barabara ya Garissa, amevaa gauni la kulalia na gambuti zako za shamba, amesimama juu ya ule mstari wa katikati. Lori zilikuwa zinampita huku na huku zikipiga honi. Mama hakuziangalia. Alikuwa ameweka mikono mdomoni, anaita mtu upande wa pili. Kaleli alimbeba kama gunia akamrudisha kwako, akakukuta umelala.

Sikulaumu. Lakini tangu jana nikishika kikombe, chai inamwagika. Nikifumba macho ninaona zile taa za lori.

Ile kayaba ya Baba, ua wa miiba hapo mbele, imezeeka. Ina matundu ya kupita ndama. Nimeshaongea na Kimanzi, fundi wangu wa Witeithie. Tuweke ukuta wa mawe ya Ndarugo, futi nane, geti la chuma lisilo na nafasi hata ya kidole, kufuli, na juu tuzungushe ile waya yenye wembe. Mama hatatoka tena. Sema ndiyo, kazi ianze.

Mdogo wako,
Gachau


Landless, Thika, 8 Mei 2024

Kwako Gachau, mwana wa mama yangu,

Nimepokea salamu. Hongera kwa paka. Presha iko pale pale, na leo imepanda kidogo kwa sababu unazozijua.

Kwanza nikuambie kwamba mimi pia sijalala. Sasa ninalaza godoro mlangoni, na Mama akitaka kutoka ni lazima anikanyage. Usidhani woga ni wako peke yako kwa sababu wewe ndiwe uliyeuandika.

Sasa tuje kwa ukuta wako. Nilipokuja kwako Krismasi nilitembea mtaa wenu mzima. Nyumba arobaini na sikuona uso wa mtu hata mmoja. Niliona mawe. Niliona vigae vya chupa. Niliona "Mbwa Kali" kwenye nyumba ambayo ninajua kabisa hawana hata kuku. Mtu akifa mle ndani atajulikana kwa harufu. Mnaita huo usalama. Mimi nilikuwa katibu wa wafanyakazi kiwandani, Gachau, na ninajua ukuta mrefu hujengwa na nani na kwa sababu gani: hujengwa na mwenye kitu cha kuficha. Mama anaficha nini? Meno ya bandia?

Unajua siku ya Mama ilivyo? Asubuhi ninamkalisha barazani. Kayaba nimeikata ifike kifuani tu, kwa hivyo anaona kila anayepita. Jirani yetu Kamene anapita na ndoo ya maziwa, wanasalimiana. Watoto wa shule wanapita. Mafundi wa gereji wanamwita "shosho wa kayaba", kama bibi yao mwenyewe. Jina langu anasahau, lakini anajua kwamba Kamene ana ndoo ya buluu na ndoo nyeupe, na ikiwa ni nyeupe atauliza kwa nini. Umzungushie futi nane za mawe, aangalie nini? Aangalie kazi ya Kimanzi?

Tena ni nani aliyemrudisha Jumapili? Ni Kaleli. Alimjuaje? Alimjua kwa kumwona juu ya kayaba. Huo ndio ua, ndugu yangu. Ua ni macho ya watu.

Ninachotaka mimi ni hiki: tuzibe matundu kwa kupanda miche mipya ya kayaba, tuweke geti fupi la mbao lenye komeo, basi. Miiba ya kayaba haipitwi na mbwa, sembuse mama wa miaka sabini na minane.

Msalimie Magdalene. Mwambie nimempa maparachichi sita na usimwibie.

Dada yako,
Waruguru


Ruiru, 21 Mei 2024

Dada,

Salamu tele. Natumaini ulirudi salama kutoka Mwihoko, na ile ruracio ya mahari ya binti wa Wangechi ilienda vizuri, na kwamba unasoma barua hii ukiwa umekaa.

Utakuwa umeshaona. Sikujenga ukuta. Nilikusikiliza: ulisema Mama aone watu, na ataona watu. Kimanzi ameweka nguzo na seng'enge, mistari saba, imekazwa vizuri, na geti la chuma la nondo. Ilibidi kayaba ikatwe hadi magotini ili nguzo ziingie. Itachipua tena, kayaba haifi. Nilichagua siku ambayo hukuwepo kwa sababu ungekuwepo Kimanzi angerudi Witeithie na nyundo yake mfukoni.

Magdalene alikaa na Mama ndani siku nzima ili asisumbuliwe na kelele. Anasema Mama alikula vizuri.

Jana nilishika kikombe na chai haikumwagika. Kasirika ukitaka, lakini kasirika Mama akiwa hai.

Mdogo wako,
Gachau


Landless, 24 Mei 2024

Gachau,

Sina salamu ndefu leo. Niko mzima wa mwili. Mama si mzima.

Jumatano asubuhi nilimtoa barazani kama kawaida. Alifika kwenye mlango, akaona. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinishika kifundo cha mkono, akanirudisha ndani polepole, kinyumenyume, kama mtu anayerudi nyuma mbele ya nyoka. Akafunga mlango. Akaniambia kwa kunong'ona, "Usikimbie. Wakikuona unakimbia wanapiga."

Nikamuuliza ni nani hao. Akaniwekea kidole mdomoni.

Tangu hapo hajatoka nje. Hataki taa iwashwe. Nimekuta unga umefungwa kwenye kitambaa chini ya mto wake, na viazi vitatu ndani ya gambuti zangu. Haniiti Waruguru tena, ananiita "maitu", kana kwamba mimi ndimi mama yake. Kila baada ya muda anauliza, "Firimbi imelia?" Nikimwambia hakuna firimbi, anaogopa zaidi. Nikimwambia bado, anatulia kidogo. Kwa hivyo sasa mimi, Waruguru, ambaye sijawahi kumdanganya mwajiri wala askofu, ninasema, "Bado, bado haijalia."

Jana alinieleza. Alieleza kama mtu anayemsimulia mtu mwingine aliyekuwa hapo. Nimeunganisha vipande.

Unakumbuka Baba alikuwa akisema Mama alikulia kijijini, na sisi tukidhani ni kijiji kama vijiji vingine? Kilikuwa kile kijiji cha kufungia watu cha Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, Gachau. Walitolewa kwenye boma lao huko Murang'a, nyumba ikachomwa, wakasukumwa mahali pamoja na watu wa vilima vitatu. Kukachimbwa handaki, ndani yake vijiti vilivyochongwa ncha. Na kuzunguka handaki, seng'enge. Homgadi, walinzi wa mkoloni, getini. Walifunguliwa kwa muda mfupi wakatafute chakula mashambani, firimbi ikilia kila mtu arudi mbio, geti lifungwe. Aliyebaki nje alihesabiwa ni mpiganaji wa msituni.

Mama alikuwa na mdogo wake. Anaitwa Njambi. Ulijua? Mimi sikujua. Nina miaka hamsini na sita na sikujua kwamba Mama aliwahi kuwa na ndugu.

Siku hiyo walikuwa wakichimba viazi. Firimbi ikalia. Mama yao alikuwa na mzigo mgongoni, akamwambia Mama, "Mshike Njambi." Akamshika. Getini watu walikuwa wakisukumana. Mkono ukateleza. Mama akasukumwa ndani, geti likafungwa, na Njambi akabaki ng'ambo ya handaki. Walimsikia akilia hadi giza. Wanawake walimpigia homgadi magoti. Asubuhi geti lilipofunguliwa hakukuwa na mtu.

Sasa sikia neno lililonifanya nikae chini sakafuni. Nilimuuliza, "Kwa nini ulikuwa barabarani ile Jumapili?" Akanishangaa. Akasema, "Kumwita. Alfajiri ndiyo wanafungua."

Mama hatoroki. Hajawahi kutoroka. Anaenda kumleta mtu ndani.

Na sisi tumemfungia kwa waya ile ile.

Mwambie Kimanzi aje ang'oe. Kesho.

Dada yako,
Waruguru


Ruiru, 25 Mei 2024

Dada yangu,

Salamu. Nimesoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Magdalene amenikuta nikisoma bafuni.

Sikujua. Ninaapa sikujua. Ningejua ningeweka chochote isipokuwa hiyo.

Lakini sing'oi kesho. Subiri kwanza usirarue karatasi. Woga wa Mama ni wa miaka sabini, lori ni za leo. Seng'enge inamtisha, lori itamuua. Nikiing'oa kabla hakujawa na kitu kingine, na kayaba yenyewe iko magotini, Mama anatoka alfajiri kumwita Njambi na hatuna hata kijiti cha kumzuia. Nipe wiki mbili. Kimanzi ana kazi mahali pengine, akimaliza atakuja tubadilishe, uchague wewe, mbao, mianzi, waya wa kuku, chochote, sitafungua mdomo.

Vumilia. Funika madirisha upande huo. Ninaogopa, dada. Ninaogopa pande zote mbili.

Mdogo wako,
Gachau


Landless, 1 Juni 2024

Gachau,

Usiogope mwanzo wa barua hii. Mama yuko hai, amelala, amekunywa uji. Nimekuandikia hilo kwanza ili usome yaliyobaki ukiwa na pumzi.

Sikuvumilia. Alhamisi jioni nilichukua koleo ya kukatia waya nikaikata mistari yote saba, kutoka nguzo ya geti hadi nguzo ya tatu. Kila mstari ulipokatika uliruka ukalia kama gitaa, na mimi nikafurahi. Nilimwita Mama mlangoni nikamwambia, "Tazama, hakuna waya." Akatazama. Akasema, "Wamefungua." Akaenda kulala na viatu. Mimi, mjuzi wa mambo yote, niliona hayo ni maendeleo.

Alfajiri ya Ijumaa aliruka godoro langu. Sijui vipi. Niliamshwa na kelele za watu.

Unamjua Dianah, binti wa Kamene, yule wa darasa la pili anayevaa sweta kubwa kumliko? Alikuwa akienda kungoja basi la shule. Mama alimkuta pale kona, akamshika mkono. Dianah anasema shosho alimwambia, "Twende, Njambi, wanafunga," akaanza kumvuta. Mtoto akafikiri ni mchezo, halafu akaona si mchezo, akapiga mayowe. Mama aliposikia yowe ndiyo akakaza zaidi. Angeachiliaje? Aliwahi kuachilia.

Na unajua mji huu siku hizi kuhusu watoto kupotea. Pale kona kuna jengo linajengwa, vibarua ni wageni, hawajui mtu. Mmoja akasema, "Mwizi wa watoto!" Basi. Mimi nilitoka mbio bila leso nikakuta duara la watu, na katikati Mama yuko chini, amemlalia Dianah, amemfunika kwa mwili wake ili asichukuliwe. Kijana mmoja alikuwa na jiwe la ujenzi mkononi. Mwingine alikuwa akisema neno "petroli" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chai.

Nilipiga kelele. Gachau, nimehutubia wafanyakazi elfu moja bila kipaza sauti, na jana sauti yangu haikuingia duarani hata hatua moja. Waliona mwanamke mwingine mwendawazimu. Mmoja alinisukuma akasema, "Na huyu ni mwenzao!"

Aliyewapasua ni Kamene. Alikuja na ndoo yake, maziwa yakimwagika njia nzima, akaingia katikati kwa mabega.

"Nani ameshika jiwe? Ni wewe? Weka chini kabla sijakuvika hii ndoo!"

"Mathe, huyu mzee anaiba mtoto!"

"Mtoto ni wangu! Mimi ndiye nilimzaa, wewe ulikuwa wapi? Huyu ni shosho wa kayaba! Huyu ananisalimia kila siku ya Mungu nikipita! Ananiuliza mpaka rangi ya ndoo!"

Ndipo Kaleli naye akafika, na wa gereji, na sauti zikawa nyingi: ni shosho wa kayaba, ni shosho wa kayaba. Yule wa petroli akapotea. Mwenye jiwe aliliweka chini kwa adabu, kama anarudisha kitu dukani.

Kamene alipiga magoti, akamwambia Mama kwa upole, "Shosho, asante kwa kunishikia mtoto. Sasa niko hapa, niachie." Mama alimwangalia. "Uko ndani?" akauliza. "Niko ndani," Kamene akasema. Ndipo vidole vikafunguka.

Mkono wa Dianah una alama. Leo amepita ng'ambo ile nyingine ya barabara, amejificha nyuma ya mama yake. Nilimpungia, hakunipungia.

Ungetegemea nikwambie kwamba kayaba ndiyo iliyomwokoa, kwamba wewe na mawe yako mngemuua kwa sababu hakuna ambaye angemjua. Ni kweli, na ninalisema. Lakini ni mimi niliyekata waya. Wewe uliandika kwamba akifunguliwa atatoka, na akatoka. Sote wawili tulikuwa sahihi na Mama karibu achomwe.

Njoo. Sitagombana.

Dada yako,
Waruguru


Ruiru, 3 Juni 2024

Dada,

Asante kwa chakula cha jana na kwa kutogombana, ingawa niliona ulivyouma mdomo nilipotaja mabati.

Ninaweka kwenye karatasi tuliyokubaliana ili asije mtu akasema alisikia vingine. Seng'enge itoke yote, hata vipande vilivyobaki ardhini, Mama asikanyage hata kimoja. Kayaba iachwe ichipue. Wakati inachipua, mbele tuweke fito za mbao zilizosimama, zenye nafasi katikati, zifike kifuani tu, zipakwe rangi ya kijani ili zisifanane na kitu chochote cha wakati ule. Geti la mbao, fupi, na komeo liwe upande wa ndani, mahali ambapo mkono wa Mama unafika.

Hilo la mwisho ni lako, na bado linanitoa jasho. Tunajenga ua ambao mfungwa ndiye mwenye ufunguo. Ulisema, "Yeye hakuwahi kufunga geti maishani mwake, alifungiwa. Mwache afunge." Sawa. Kimanzi anakuja Alhamisi. Amecheka aliposikia urefu. Ameuliza kama ni ua wa sungura.

Kitu kingine kimenisumbua njiani kurudi. Nilihesabu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili mama wa mama, halafu ndiyo zinakuja zamu za mashangazi na mama wadogo. Mama alikuzaa wewe, halafu mimi, akafunga uzazi. Zamu ya Njambi haikufika. Watu wote waliokufa kwetu wana mtu anayeitikia jina lao, isipokuwa huyo. Kwa miaka yote hii hakuna aliyeitwa "Njambi, njoo ule" ndani ya nyumba yetu.

Sijui nilisema hilo kwa nini. Kunywa dawa.

Mdogo wako,
Gachau


Landless, 19 Juni 2024

Kwako Gachau,

Salamu, na utulie, kwa sababu nina habari ya kufurahisha na habari ya kijinga.

Ua umesimama. Kimanzi alimaliza kwa siku mbili na kuondoka akisema hajawahi kuona kazi ya kipuuzi iliyopigwa randa vizuri hivyo. Mama alitoka barazani siku ya tatu. Alizishika fito moja moja. Alikuwa akitafuta waya. Hakuipata. Akaketi. Kamene alipopita na ndoo nyeupe, Mama akauliza, "Ile ya buluu iko wapi?" Nikaingia jikoni nikalia kwenye sufuria.

Lakini jioni ilipofika alikwenda getini akashikilia komeo, hakulifunga. Akatazama barabara. Akaanza kutetemeka, kuanzia kidevuni. "Bado mmoja," akasema. Nilimvuta, hakuvutika. Nilimwambia habari za miaka, za uhuru, za kwamba hao homgadi wamezeeka na kufa. Nilijenga hoja nzuri sana. Ilikuwa kama kuhutubia kisima.

Nikakumbuka uliyoandika kuhusu jina. Nikafanya jambo ambalo nikisikia umelisimulia kwa watu nitalikana mbele ya mahakama. Nilitoka nje ya geti. Nikaenda hadi kona. Nikarudi mbio, na magoti yangu haya, nikisema, "Ninakuja! Nisubirini!"

Mama akafungua kwa haraka, akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akanivuta ndani, akafunga komeo kwa mikono miwili. Akaniangalia juu hadi chini. "Umechelewa," akasema. "Maitu atakupiga." Halafu akala, akalala hadi jua likatoka. Sikulaza godoro mlangoni. Nililala kitandani kwangu, macho wazi, nikisikiliza. Hakutoka.

Tumefanya hivyo kila jioni. Ikifika saa yenyewe ninaogopa, Gachau. Ninaogopa kwamba siku moja atanitazama aone ni Waruguru tu.

Habari ya kijinga ni hii: juzi nilikuwa ninakimbia kama Njambi, nikatumbukia kwenye shimo la nguzo ya zamani ya seng'enge yako ambalo Kimanzi hakufukia. Mguu umevunjika juu ya kifundo. Nina plasta hadi gotini. Siwezi kukimbia, jana Kamene ndiye aliyenikimbilia, na siwezi kumfuata Mama akitoka. Inabidi tubadilishane nyumba hadi nipone. Magdalene amekubali kunipokea huko kwenye ngome yenu. Wewe njoo hapa na likizo yako.

Ninajua unaogopa. Njoo hivyo hivyo.

Dada yako,
Waruguru


Ruiru, 27 Juni 2024

Gachau, mwana wa mama yangu,

Mguu unauma lakini ninatibiwa kama malkia. Paka wako wamenizoea.

Nitasema jambo moja na usilihifadhi uje kunisuta nalo. Magdalene alipofunga lile geti lenu la chuma, kufuli likalia, na ukuta ukanizunguka, nililala kama mtoto. Tangu Mei sijalala hivyo. Niliamka nikiwa na hasira kwa sababu ya kulala vizuri. Hata hivyo sijaona uso wa jirani yako hata mmoja.

Magdalene anasema jioni mbili hizi Kamene ndiye amekuwa akitoka na kuingia badala yangu, kwa sababu wewe umekataa. Unasema huwezi, utamchanganya, wewe ni mwanamume mwenye kipara. Kamene ana watoto na maziwa. Hawezi kuwa ndugu wa Mama kila siku.

Sikiliza. Usimsahihishe. Usimweleze mwaka. Usiangalie kama watu wanakuona, maana watakuona, ua ni wa kifuani. Nenda mpaka kona. Rudi mbio. Sema unakuja.

Nijibu upesi. Ninaumia huku kuliko mguu.

Dada yako,
Waruguru


Landless, 30 Juni 2024

Dada yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mama ni mzima, amekula githeri na kulalamikia chumvi. Kayaba imeanza kuchipua. Machipukizi yana miiba tayari, midogo, laini bado, unaweza kuigusa.

Nimefanya leo. Nilitoka getini jua likishuka. Mama alishika komeo, kidevu kimeanza. Wale wa gereji walikuwa wakifunga kazi. Nilitembea hadi kona na koti langu la ofisi, nikageuka, na dada, miguu ilikataa. Si kwa aibu. Niliona ile nyumba kutoka nje, na Mama akionekana mdogo pale nyuma ya fito, na nikahisi kabisa kwamba wanaweza kunifungia. Mimi, mwenye nyumba ya mawe. Nilihisi giza linaingia nyuma ya shingo yangu na niko upande usiofaa. Nikakimbia. Sikuigiza, nilikimbia. Nikasikia sauti inapiga kelele, "Nisubirini!" na ilikuwa yangu.

Alinifungulia. Akanishika mkono. Alinitazama, kipara, tai, miwani, akatazama muda mrefu sana, na mimi nikangoja aseme mimi ni nani.

Akasema, "Umekua huko nje."

Niliinama kidogo. Akanipangusa vumbi begani. Kaleli alikuwa amesimamisha pikipiki yake ng'ambo ya barabara, amevua helmeti.

Nikashika komeo nifunge. Mama akaweka mkono wake juu ya wangu. Akatazama barabara tena, huku na huku, midomo inahesabu. Akaniuliza, "Waruguru yuko wapi?"

Jina lako, dada. Tangu Mei hajalitaja.

Nikamwambia uko Ruiru, uko ndani ya ukuta wa mawe, uko salama kuliko sisi. Akatikisa kichwa. "Yuko nje," akasema. "Usifunge."

Nimejaribu kila neno ninalolijua. Hafungi, wala harudi ndani, wala hatoki. Nimeleta viti viwili na blanketi la Baba. Kamene ametuletea chai na kuketi nasi kidogo, Dianah amesimama nyuma yake, ameshika ubao mmoja wa ua kwa nje, anatuchungulia. Taa za barabarani zimewaka. Kutoka hapa ninazisikia lori za Garissa.

Ninamtumia Magdalene picha ya karatasi hii kwa simu; akikusomea, usijaribu kuja na plasta. Piga simu tu, usinikatie, nimpe Mama asikie unavyogombana. Sisi tuko hapa. Ninakuandikia karatasi ikiwa gotini, na geti liko wazi.

Mdogo wako,
Gachau